Bati la Nzega chini ya kiyoyozi

Gari-nyumba lile liliingia uani kwangu, Isevya mjini Tabora, kinyumenyume. Dereva wake alikuwa amesimama kwanza barabarani, akaangalia lango, nguzo ya umeme na tangi langu la maji, akaona kwamba kutoka ndiko kutakakokuwa na shida. Basi akaligeuza mapema. Nilimpenda kabla hajashuka. Mtu anayefikiria kutoka kabla hajaingia, unaweza kufanya naye kazi.

Aliposhuka nikaona kwamba kushuka kwenyewe ni kazi. Alishika mlango kwa mikono miwili, akateremsha mguu mmoja, akausubiri utulie, ndipo akateremsha wa pili. Alikuwa mtu mzima kunizidi, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyewahi kufungua na kufunga maturubai ya malori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiyo wewe wa majokofu?"

"Ndiyo mimi."

Mkewe alizunguka kutoka upande wa pili na kitenge kilicholoweshwa maji, akamwekea mumewe shingoni bila kumuuliza, kama unavyomfunika mtu aliyelala. Kisha akanigeukia.

"Fundi, tuelewane. Mimi sikuleta gari. Nimemleta mume. Gari ni dawa yake."

Akanieleza palepale, tukiwa tumesimama. Mumewe alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Kwenye ubaridi alikuwa mtu kama watu. Joto likimwingia mwilini, miguu ilianza kukataa, macho yakaingia ukungu, ulimi ukawa mzito. Akipoa, vyote vilirudi. Kwa hiyo walilinunua gari-nyumba hilo kuukuu, likiwa na kitanda, jiko dogo, na kiyoyozi kilichofichwa chini ya kitanda, kwenye sakafu. Walitoka nalo Dar es Salaam wakaifuata njia ya zamani ya misafara, Dodoma hadi Singida, wakalala vizuri kila mahali. Walipita Nzega kuwasalimu ndugu. Tangu Nzega, kiyoyozi kilikuwa kinapuliza baridi kwa muda mfupi, kisha kinabaki kupuliza upepo mtupu.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mbele ya Urambo, kwenye kijiji cha wakulima wa tumbaku, alikuwa anaishi dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada huyo sasa hakuweza kusafiri. Mzee alitaka kukaa naye mpaka mvua za kwanza. Nyumba ya dada ilikuwa ya bati lisilo na dari, na mwezi huo ulikuwa Oktoba. Anayeijua Tabora ya Oktoba hahitaji kuelezwa zaidi. Mvua zikishaanza, ile barabara ya udongo ya kwenda kijijini isingebeba gari zito namna ile. Ilikuwa wakati huo, au mwaka mwingine ambao hakuna aliyetaka kuuahidi.

"Kama hakitengenezeki," mama, mke wa mzee, alisema, "tunageuza kurudi Dar, na wifi yangu ataonana na kaka yake kwenye simu."

"Sirudi," mzee akasema.

"Utarudi umelala, mimi ndiye nitakayeendesha."

Sikuwahi kukishika kiyoyozi cha aina ile, na niliwaambia. Lakini sikuwa na wasiwasi. Nilianza ufundi nikiwa mtunza ghala, nikisoma karatasi za maelekezo zilizobandikwa nyuma ya majokofu ya soda, kamusi ikiwa pembeni, na nilichojifunza mapema ni kwamba mashine zote za baridi ni ndugu. Zote huchota joto mahali pamoja na kulitupa mahali pengine. Fundi akijua joto linachotwa wapi na linatupwa wapi, amekwisha kujua nusu ya kazi.

"Wenzako wawili wamesema imeisha gesi," mama aliniambia. "Mmoja alikuwa ameshatoa na chombo cha kutoboa bomba. Nikamfukuza."

"Ulifanya vizuri, mama. Gesi hii imefungiwa kiwandani. Haiishi kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Ikipungua, kuna mahali inatoka, na hapo utaona mafuta mafuta. Kwanza tuangalie upepo, umeme na maji. Gesi ni ya mwisho."

Hilo ndilo kosa letu sisi mafundi wa huku, na nalisema bila kumdharau mtu. Mteja akisema hakipoi, mkono unakwenda kwenye mtungi wa gesi. Mteja mwenyewe anaupenda mtungi, kwa sababu anauona ukiunganishwa, anasikia mlio, anajua amefanyiwa kitu. Kusafisha chujio hakuna mlio.

Tuliinua godoro na ubao wa kitanda. Kiyoyozi kilikuwa kimelala kwenye kisanduku chake kama mtu kwenye jeneza fupi, mipira miwili minene ikipanda kutoka kwake kupeleka baridi kwenye matundu ya darini. Sakafuni palikuwa na nafasi tatu za kutokea nje: moja ya kuvuta hewa kutoka chini ya gari, ya pili ya kuitupa ile hewa ikishabeba joto, na kijitundu cha maji yanayodondoka. Nilipima umeme. Ulikuwa chini kidogo ya unavyotakiwa, lakini si wa kuleta ugomvi. Nilipitisha kitambaa cheupe kwenye viungo vyote vya mabomba. Kilitoka na vumbi, hakikutoka na mafuta. Gesi ilikuwa yote.

Chujio la hewa ya ndani lilikuwa limeziba kwa vumbi la Singida na nywele za mama. Nililiosha kwa maji ya sabuni, nikalianika kivulini, si juani, maana jua hulikunja. Mapezi ya kondensa, yale mabati membamba yanayotupa joto nje, niliyapiga mswaki wa rangi taratibu kufuata mstari wake, nikayapuliza kwa upepo mdogo. Upepo mkali huyalaza, na yakilala ni kama kufunga mlango. Kijitundu cha maji nilikizibua kwa waya wa spoku ya baiskeli. Kapasita, kile kidude kinachoipa feni nguvu ya kuanza kuzunguka, niliipima, ilikuwa nzima. Nikarudisha kila kitu, nikawasha.

Ilikuwa bado asubuhi. Kiyoyozi kikapuliza baridi ya kukaza ngozi. Mzee akapanda kitandani, akanyoosha miguu, na baada ya muda nikamsikia akizungumza na dada yake kwenye simu, maneno yakitoka mazima.

Jua lilipofika utosini, kompresa, ile pampu inayoizungusha gesi, ikanyamaza. Feni ikaendelea. Upepo mtupu.

Mama alitoka akiwa na kitenge chake mkononi, anatafuta maji. Hakunilaumu. Aliniangalia tu, akasema, "Mnyamwezi, umebeba mzigo, umeutua njiani."

Hapo ndipo nilipojua kwamba yeye ni Mzaramo, na kwamba tangu asubuhi alikuwa ananistahi bure. Kati ya Wazaramo na Wanyamwezi kuna utani wa tangu misafara, wazee wetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo mabegani na wao wakitupokea huko mwisho wa njia. Mtani anaweza kukuambia lolote, nawe huna ruhusa ya kununa.

"Sijautua, mtani," nikamwambia. "Nimebadilisha bega."

Niliigusa kompresa kwa nyuma ya mkono nikauondoa upesi. Ilikuwa imejizima yenyewe ili isiungue, kama ilivyotengenezwa kufanya. Kwa hiyo haikuwa mbovu. Ilikuwa inapikwa. Swali likawa ni nani anayeipika.

Nilitandika mkeka nikalala chini ya gari. Asubuhi nilikuwa nimepitisha macho huko, nikaona bati nene limechomelewa chini ya kiyoyozi, kinga ya mawe, limetobolewa matundu mengi kama chekeche. Ilikuwa kazi safi. Mishono ya kuchomelea ilikuwa sawasawa kama ya cherehani. Huku kwetu gari lisilo na kinga chini halifiki mbali, kwa hiyo sikuona ajabu. Gari likinunuliwa, kabla halijapewa hata kapeti, linapelekwa kwa mchomeleaji livalishwe bati. Lakini safari hii niliuweka mkono karibu na nafasi ya kuvutia hewa, ile ambayo ingepaswa kuvuta hewa ya kivulini, na hewa niliyoikuta ilikuwa ya moto.

Nikatundika kipimajoto. Uani, kivulini, nyuzi thelathini na nne. Kwenye mdomo wa kuvutia, nyuzi hamsini na mbili.

"Hili bati lilifungwa wapi?" niliuliza nikiwa bado chini.

Mzee alijibu kutoka dirishani. "Nzega. Mdogo wangu. Kwa nini?"

Nilitoka chini ya gari nikajifuta. Nilimweleza kwamba hewa ya moto inatupwa chini, inalikuta bati, haipati pa kwenda haraka, inateleza juu ya bati na kuvutwa tena ndani. Kiyoyozi kinavuta pumzi yake chenyewe, kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi.

"Lina matundu," mzee akasema. Ulimi ulikuwa umeanza uzito. "Bati lina matundu."

"Lina matundu, mzee. Hayatoshi."

"Nimeendesha malori huko kusini miaka yangu yote. Bila kinga, jiwe moja linakuvunjia kila kitu. Halafu... hilo bati usiliguse."

Mkewe akamwekea kitenge upya. Maneno yaliyofuata aliyasema taratibu, akiyachagua.

"Nilipoondoka nyumbani, huyu mdogo wangu alikuwa bado hajaanza shule. Sikumsomesha. Sikumjengea. Amejifanya mwenyewe. Tumefika kwake, akaingia chini ya gari kutwa nzima, akatoka na hilo bati, anacheka. Ndicho kitu cha kwanza kupeana sisi wawili. Nikilitoa, nitamwambia nini?"

Nilikuwa na kanuni moja tu, niliyofundishwa na mafundi wa Kiswahili wa mjini hapa nilipokuwa naanza, washona viatu, wahunzi, maseremala: kazi ya fundi mwenzio huivunji nyuma ya mgongo wake, ikiwa anaweza kupatikana. Unamwita aione.

"Tumpigie aje," nikasema.

"Simpigii mdogo wangu kumwambia zawadi yake mbaya."

"Hupigi wewe," mkewe akasema. Simu ilikuwa tayari mkononi, sauti ameifungulia nje. "Nampigia shemeji yangu."

Simu ikaita, ikapokewa na kelele za mashine ya kukatia chuma.

"Shemeji! Mmefika Tabora?"

"Tumefika, tumekwama. Shemeji, ile sahani yako ya ugali uliyotufungia huku chini inampika kaka yako."

Mashine ikazimwa. "Sahani gani tena?"

"Hiyo kinga. Umelifunika joto vizuri mno, halina pa kutokea. Nyinyi Wanyamwezi ndivyo mlivyo. Mkibebeshwa mzigo, hata mkiambiwa mmefika hamuutui."

Mzee alifumba macho. Mimi nilijifanya natafuta bisibisi. Upande wa pili kikapasuka kicheko.

"Na nyinyi Wazaramo mzigo mnaujulia wapi? Si mlikuwa mnakaa pwani mnangoja ufike, mpige ngoma?"

"Tulipiga ngoma ili mjue mmefika! Bila sisi mngeingia na pembe za ndovu baharini. Sasa njoo ututolee sahani yako. Au unataka nirudi kwetu na maiti, niseme nimeolewa nikarudishiwa nyama choma?"

"Shemeji, acha hayo. Kaka yupo? Anasikia?"

"Anasikia. Analia kwa sababu hutaki kuja."

"Silii," mzee akasema, na akawa anacheka, bega likitikisika chini ya kitenge.

"Kaka, nakuja kesho na basi la kwanza. Hilo bati asiliguse mtu."

Nilimwambia mama baadaye kwamba kwa nusu saa nilikuwa natafuta namna ya kusema jambo lile, na yeye amelisema huku amesimama. Akanijibu kwamba shemeji na mtani ni leseni mbili, na yeye kwa bahati amezipata zote kwa mwanamume mmoja.

Jioni ile nilimlaza mzee kwenye karakana yangu, ambayo ina kuta nene za matofali ya kuchoma na kiyoyozi cha mteja aliyesafiri, nilichokifunga kukijaribu. Kilipata majaribio ya kutosha.

Mdogo wake alifika na begi la vifaa kubwa kuliko lake la nguo. Alikuwa mfupi, mkimya kuliko nilivyomdhania kwenye simu. Alimpigia kaka yake magoti kidogo kwa heshima, akamsalimia kwa Kinyamwezi, kisha akaja moja kwa moja kwangu.

"Nionyeshe."

Nilikuwa nimeshaandaa. Nina mizinga michache ya nyuki porini, na bomba la moshi la kurinia asali halikai mbali nami. Nilijaza matambara na majani makavu, nikawasha, tukalala wote wawili chini ya gari, ubavu kwa ubavu. Mama aliwasha kiyoyozi ndani. Nikapuliza moshi kwenye mdomo wa kutupia hewa, juu tu ya bati lake.

Ungekuwa ni mto ungesema umechimbiwa mfereji. Moshi ulishuka, ukaligonga bati, ukalala, ukatambaa juu yake kwenda mbele, ukapanda wote kwenye mdomo wa kuvutia. Kwenye yale matundu ulichungulia kidogo tu, kama unaona aibu.

Alipuliza yeye mwenyewe mara ya pili. Na ya tatu, akibadilisha pembe. Fundi mwenye kuona haongezewi maneno.

"Nilitoboa matundu mengi," alisema hatimaye.

"Uliyatoboa vizuri. Tatizo ni kwamba midomo yote miwili iko chumba kimoja. Unaopuliza na unaovuta."

"Basi tuweke ukuta."

Hilo nami nilikuwa nimelifikiria, lakini nilifurahi limetoka kwake. Aliendelea kulala pale akipima kwa kiganja, akizungumza na bati zaidi kuliko na mimi. Kinga ibaki mbele, ambako mawe hutokea. Nyuma ifunguliwe kabisa, na ukingo ukunjwe kuelekea nyuma ili hewa ya moto isukumwe mbali. Katikati ya midomo miwili usimame ukuta wa bati kutoka sakafuni mpaka chini, uzibwe kandokando kwa mpira. Na upande wa kuvutia ufunguliwe dirisha ubavuni, lenye wavu. Nilimwongezea moja tu: kila kitu kifungwe kwa boliti za kichwa namba kumi na tatu, kisichomelewe, ili atakayekuja kusafisha asihitaji mashine ya kukatia.

"Nani atakayekuja?" akauliza.

"Wewe. Au mimi. Au fundi wa Urambo. Kiyoyozi cha chini ya sakafu kinakula vumbi kuliko cha juu. Lazima kifunguliwe."

Tulifanya kazi pamoja. Mimi nilifunika mipira na nyaya kwa gunia lililoloweshwa ili cheche zisiingie, nikatenganisha betri, nikakaa na ndoo ya mchanga. Yeye alikata. Mzee aliletewa kiti kwenye kivuli cha karakana, feni ikimpuliza, akawa anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyahitaji.

"Kunja kidogo tena. Kidogo! Huoni litagonga tuta?"

"Kaka, wewe uliendesha malori. Hukuyatengeneza."

"Niliyatengeneza njiani."

"Ndiyo maana yalikuwa yanakwama," mama akasema kutoka jikoni mwake, ndani ya gari.

Nilikataa kupima mapema. Majaribio ya asubuhi yalishatudanganya mara moja. Tulikula wali na maharage, tukanywa chai, tukangoja jua lifike palepale lilipotushinda. Kisha tukawasha, si kwa umeme wa nyumbani kwangu bali kwa jenereta lao, kwa sababu kijijini kwa dada ndilo litakalotumika. Nilibana mita kwenye waya wa kompresa nikatundika vipimajoto vyangu viwili. Mdomo wa kuvutia ulikuwa nyuzi thelathini na sita, karibu sawa na kivulini. Mkondo wa umeme ulisimama mahali pake pa haki na haukupanda. Tulipuliza moshi tena. Ulishuka, ukaugusa ukingo uliokunjwa, ukaondoka kuelekea uzio wa jirani, ambaye alipaaza sauti kuuliza ni asali gani tunarina mjini.

Mzee alikuwa amepanda ndani. Jua likapita utosini, likaanza kuinama. Kompresa ilikuwa bado inanguruma ngurumo yake ya chini, ya mashine iliyoshiba hewa. Nilipogonga mlango, mzee alifungua mwenyewe, amesimama kwa miguu yake, amejifunga blanketi mabegani.

"Fundi," akasema, "mwambie huyu Mzaramo apunguze. Nina baridi."

Mdogo wake alikuwa nyuma yangu. Mzee akashuka ngazi, mguu mmoja, kisha wa pili, bila kusubiri katikati. Aliinama akaligonga lile bati kwa vifundo vya vidole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

"Linaenda Urambo," akamwambia mdogo wake. "Na wewe panda. Dada hajakuona siku nyingi."

"Nina kazi za watu, kaka."

"Panda, shemeji," mama akasema. "Sahani yako ikitukaba tena nitampiga nani?"

Waliondoka kesho yake, mdogo mtu akiwa ameketi mbele na mashine yake ya kukatia miguuni. Kutoka langoni hakukuwa na shida, kwa sababu gari lilishageuzwa.

Baadaye wiki hiyo mama alinipigia. Nyuma yake nilisikia jenereta, nikaisikiliza kwanza, na mzigo ulikuwa umetulia. Ilikuwa saa nane mchana. Nilimuuliza mzee anaendeleaje.

"Yupo nje, chini ya paa la banda la tumbaku, analalamika joto."

"Nje? Kiyoyozi kimefanya nini?"

"Kiyoyozi kizima. Wifi amepanda kitandani tangu asubuhi, anasema hajawahi kulala mchana wa Oktoba tangu azaliwe, na hashuki. Wanapeana zamu. Sasa hivi ni ya dada."

Nikamwambia ampe mzee kitenge chake cha maji mpaka zamu igeuke, na aoshe chujio, maana kwenye vijiji vya tumbaku msimu ule wa kulima vumbi ni jingi. Akasema ameshaliosha, limeanikwa.

"Kivulini?"

"Kivulini, Mnyamwezi. Mzigo wako nimeupokea."